Siku ya Kukagua Gari la Baba

Baba aliendesha magari kwa zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kugonga hata kuku. Alilisema hilo mara nyingi, na sisi watoto wake tulilirudia kwa watu kana kwamba ni sifa ya ukoo. Ujana wake wote aliendesha lori la kampuni ya saruji. Walipomstaafisha akanunua pikapu nyeupe, kuukuu lakini yenye injini nzuri, akawa anabeba vitanda, makabati na makochi kutoka kwa maseremala wa Kibera kwenda kwa wateja. Mimi nashona vitambaa vya makochi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Laini Saba, humo humo Kibera, kwa hivyo kazi zetu zilikutana. Seremala akimaliza mbao, mimi navika, baba anapeleka.

Asubuhi ya ajali tulikuwa tunapeleka kochi la watu watatu Kawangware. Ilikuwa saa nne hivi, jua limeshatoka, barabara kavu. Nilikaa kushoto kwake nimepakata mito miwili ambayo sikutaka ipate vumbi huko nyuma. Mbele yetu, upande wangu, kulikuwa na safu ya vibanda vya mboga. Mama mmoja akatoka katikati ya vibanda hivyo amebeba beseni la sukuma wiki kichwani.

Nilimwona vizuri. Nilimwona kwa muda wa kutosha kujua kwamba leso aliyojifunga kiunoni ilikuwa ya manjano, na kwamba alikuwa anatembea bila haraka, kama mtu aliyeona gari na kujua kuwa gari nalo limemwona. Nikajua baba atapunguza mwendo. Dereva wa miaka thelathini humwambii punguza mwendo.

Baba hakupunguza.

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Beseni liliruka, likaviringika hadi upande wa pili wa barabara, na mboga zikatapakaa juu ya kioo. Pikapu ilikwenda hatua kadhaa ndipo ikasimama. Baba alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Ni nini hiyo?" akaniuliza.

Nilifikiri ni mshtuko unaomfanya aulize. Nilifungua mlango nikashuka, mito bado iko kifuani mwangu.

Yule mama alikuwa amelala kwa ubavu, mkono kwenye nyonga, macho wazi. Nilimwekea mto mmoja chini ya kichwa. Kufikia hapo watu wa bodaboda walikuwa wameshafika, na mmoja wao alikuwa amefungua mlango wa dereva, amemkamata baba ukosi wa shati.

"Mzee, unaua watu?"

"Breki," baba akasema. "Breki zimekata."

Yule kijana akamwachilia. Niliona neno lile likipita kwa watu, mmoja akimgeukia mwenzake: breki, breki zimekata. Nyuso zikabadilika. Hasira haikuisha ila ilimwacha baba ikatafuta mtu mwingine.

"Nani alitengeneza hiyo breki?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

Baba akamtaja fundi wetu. Akasema na mahali alipo, kando ya reli.

Mwenye gari dogo alikubali kumpeleka yule mama hospitali. Polisi walikuja, wakapima barabara, wakapiga picha, wakatuchukua mpaka kituoni, na pikapu ikavutwa nyuma yetu ikiwa na kochi lake juu.

Kituoni afande aliandika maneno ya baba kwanza, kisha akanigeukia.

"Wewe ulikuwa ndani. Dereva alikanyaga breki?"

"Alikanyaga," nikasema.

"Ulimwona akikanyaga?"

"Ndiyo, afande. Alikanyaga, breki zikakataa."

Sikuwa nimeuona mguu wa baba hata kidogo. Macho yangu yalikuwa kwa yule mama. Lakini baba alikuwa amesema breki, na mimi niliyaona maneno yake kama kitu nilichokiona mwenyewe. Nilitia sahihi bila kusita.

Afande akatueleza utaratibu. Gari likishamuumiza mtu halitoki kituoni mpaka likaguliwe na mkaguzi wa magari wa serikali, na huyo mkaguzi ndiye husema kama lilikuwa na ubovu kabla ya ajali au la. Mwenye gari alete kitabu cha gari, karatasi ya bima na leseni. Kochi tungeweza kulishusha. Gari lenyewe, hapana.

"Hakuna kugusa hii gari," akasema. "Usije na makanika, usije na spana. Hata pumzi ya tairi usiongeze. Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo."

Ninapaswa kueleza huyu fundi ni nani. Ni mzee wa Kinubi, amezaliwa Kibera na baba yake alizaliwa Kibera. Uwanja wake wa kutengenezea magari hauna hata mlango, ni mabati matatu na shimo la kuingia chini ya gari, lakini watu walileta magari yao kutoka mbali kwa sababu hakuwa mtu wa kukwambia kitu kimekufa kama hakijafa. Baba na yeye walikuwa na desturi ya kunywa kahawa pamoja Jumamosi. Wiki tatu kabla ya ajali alikuwa amemwekea baba pedi mpya za breki, magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Habari ilifika Kibera kabla yetu. Siku iliyofuata mwenye gari moja la kubebea maji alikwenda akachukua gari lake kabla halijamalizwa. Mwingine akafuata. Nilisikia mwenyewe pale tunapochota maji, wanawake wakisema fundi yule ameua mtu, wakati yule mama alikuwa hai wodini. Sikuwasahihisha. Tena niliongeza langu. Nilisema uzee umemwingia mikononi.

Siku ya tatu fundi alikuja kwetu. Alisimama mlangoni, akavua kofia yake, akakataa kuingia.

"Jirani," akamwambia baba, "nasikia umesema breki zangu zilikata."

Baba alikuwa ameketi, anatazama ukuta. "Zilikata."

"Pedali ilienda chini yote, ama ilikuwa ngumu?"

"Ilienda chini."

Fundi alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuingia ndani ya gari ambalo hayupo nalo.

"Basi kutakuwa na mafuta yamevuja mahali. Kama ni kazi yangu, nitasema ni kazi yangu, na nitakwenda kwa huyo mama nimwambie. Lakini sitasema neno mpaka ikaguliwe. Siku hiyo nitakuja."

Alipoondoka nilisema, kwa sauti ya kumfikia, kwamba mtu huyu ana uso mkavu. Baba aliniambia ninyamaze. Nilidhani ni upole wake.

Asubuhi ya ukaguzi, tukinywa chai, baba aliniuliza, "Mama, hawa wakaguzi huangalia kila kitu?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Kila kitu."

"Hata kama gari imekaa siku nyingi?"

"Hata hivyo. Ndiyo vizuri, ukweli ujulikane."

Aliweka kikombe chini kikiwa nusu na akaenda kutafuta kitabu cha gari, ambacho nilikuwa nimeshakiweka mezani, upande wa mkono wake wa kushoto.

Nyuma ya kituo kuna uwanja wa magari yaliyopata ajali. Fundi alifika kabla yetu, amevaa kanzu safi kama mtu anayekwenda msikitini. Baba alimsalimia akiangalia chini. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa umri wangu, koti la buluu hadi magotini, viatu vizito, karatasi zake kwenye ubao wa kuandikia. Afande alimwita madam. Alitusalimia wote sawasawa kisha akaanza kazi.

Alilinganisha namba ya fremu na ile ya kitabuni. Akaangalia matairi moja moja, akipima kina cha mifereji yake kwa kidude kidogo. Akaangalia usukani, taa, vioo, wipa. Akaandika kwamba taa ya mbele kushoto imevunjika na boneti imebonyea upande huohuo, na akasema hayo ni ya ajali, si ya kabla. Kisha akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Kilikuwa kimejaa. Akalala juu ya turubai akaingia chini ya gari na tochi, akafuata paipu zote kwa vidole. Alipotoka alikuwa na vumbi mgongoni na vidole vyake vilikuwa vikavu.

"Nani aliweka pedi?" akauliza.

"Ni mimi," fundi akasema.

Akamwomba afande aruhusu gurudumu litolewe. Akatazama ndani, akagusa, akalirudisha.

"Nipe ufunguo."

Aliendesha pikapu hadi mwisho wa uwanja, akaigeuza, akaja mbio kuelekea kwetu, akafunga breki. Gari lilisimama pale pale, vumbi likapanda. Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Aliposhuka hakututazama, alitazama ardhi. Mikwaruzo minne mirefu, iliyo sawa kabisa, ilikuwa imechorwa kwenye udongo mwekundu wa murram.

"Mzee, njoo uone mwenyewe," akamwambia baba. "Breki ni nzima. Zinashika magurudumu yote manne kwa pamoja. Nimekagua magari mapya yasiyo na breki kama hizi."

Nilihisi masikio yangu yakiziba, kama yanavyoziba mtu akitumbukia majini. Nikasema jambo la kijinga, kwa sababu mtu alipaswa kusema.

"Labda zilikata halafu zikarudi."

"Breki haziponi kama mafua, dada," akanijibu, na hakuwa ananicheka. "Zikikata huacha alama. Mafuta huvuja, ama paipu hupasuka, ama hewa huingia na pedali huwa laini. Hapa hakuna hata moja. Nitaandika kwamba gari halikuwa na hitilafu yoyote kabla ya ajali."

Nilimgeukia fundi nikidhani nitaona furaha. Hakuwa ananitazama mimi wala mkaguzi. Alikuwa anamtazama baba, na uso wake ulikuwa na huzuni niliyoichukia wakati ule kwa sababu sikuielewa.

"Mzee," mkaguzi akauliza, "huyu mama alitokea wapi?"

Baba alitazama ile mikwaruzo.

"Sijui," akasema. "Sikumwona. Nilisikia kishindo tu. Nikaona mboga kwenye kioo. Watu wangenipiga. Nani angeniamini? Mtu anatokea kama ametoka ardhini, nani angeniamini? Nikasema breki."

"Baba," nikasema, "hakutoka ardhini. Nilimwona tangu kwenye vibanda. Alikuwa anatembea polepole."

Akageuka akanitazama, na mshangao uliokuwa usoni mwake sijawahi kuuona kwa mtu mzima.

"Wewe ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Na ilikuwa mbali?"

"Ilikuwa mbali ya kutosha."

Hapo ndipo fundi alipotembea. Alizunguka nyuma ya baba akinyata, akasimama kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Akainua mkono wake wazi hadi usawa wa sikio la baba, kisha akausogeza mbele kidogo, akautikisa. Baba aliendelea kunitazama mimi. Hakupepesa jicho.

"Jirani," fundi akasema taratibu, "mimi niko wapi?"

Baba alishtuka. Akageuza kichwa chote, na mabega pia, mpaka alipokutana na mkono ule ukiwa bado uko hewani mbele ya uso wake.

"Sikujua uko hapo," akasema.

Mkaguzi aliacha kuandika. Afande, ambaye alikuwa ameegemea ukuta akichokonoa meno, alisimama wima. Nami nikakumbuka mambo ya mwaka mzima, kwa fujo, yote pamoja: mwimo wa mlango aliojigonga bega la kushoto, vikombe alivyoangusha, kioo cha pembeni cha pikapu kilichovunjwa na nguzo na akasema ni watoto wanaocheza mpira. Nilikuwa nimemtania. Nilimwambia siku hizi umekuwa na haraka kama kijana. Na katika mwaka huo huo nilikuwa nimeketi kando yake, upande ule ule, nikihesabu vifungo vya makochi.

Mkaguzi alimwambia baba, kwa heshima, kwamba yeye ni mtu wa magari na si wa macho, lakini asiguse usukani tena mpaka daktari amwone. Akamaliza ripoti yake, akaipiga mhuri.

Baba akamgeukia afande. "Nataka kubadilisha maneno yangu."

"Mzee, fikiria vizuri. Ukibadilisha, hii ni makosa yako."

"Ni makosa yangu."

Tuliingia ndani. Baba alisema yake, kisha nikasema yangu. Nilipofika kwenye ile sentensi, kwamba nilisema nilimwona akikanyaga breki lakini sikumwona, afande aliniuliza kwa nini basi nilisema.

"Kwa sababu ni baba yangu."

Aliandika hivyo hivyo. Alinionya kwamba naweza kushtakiwa kwa kudanganya. Safari hii sahihi yangu haikufanana na ile ya kwanza.

Daktari wa macho alitueleza kwamba ni presha ya macho. Haiumi. Huanza kula pembeni na kuacha katikati, kwa hivyo mtu husoma gazeti, husoma namba ya gari lililo mbele yake, na hujiona mzima. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na tundu dogo tu la kuonea, na la kulia nalo lilikuwa limeshaanza kuliwa. Alisema huenda lilianza miaka mitatu au zaidi. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki. Niliposikia miaka mitatu nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi za kliniki. Katika miaka hiyo alikuwa amewapeleka watoto wa dada yangu shuleni kila muhula na masanduku yao.

Yule mama tulimkuta wodini, nyonga imefungwa vyuma. Baba alisimama mahali alipoweza kumwona sawasawa, miguuni pa kitanda.

"Mama, breki hazikukata," akamwambia. "Nilidanganya. Sikukuona. Macho yangu yameharibika na sikuwa najua."

Yule mama akamgeuzia uso.

"Hukuniona kabisa?"

"Kabisa."

"Mimi nilikuona," akasema. "Nilikutazama usoni. Ulikuwa unaangalia mbele, umetulia. Nikasema huyu mzee ataniacha nipite."

Akageuzia uso wake dirishani. Hakusema amesamehe, nasi hatukuthubutu kuomba. Aliruhusiwa kutoka baada ya wiki nyingi, sasa anatembea kwa fimbo, na mboga zake huletewa kibandani na binti yake kwa sababu hawezi tena kubeba kichwani. Bima ililipa baada ya kusukumwa sana. Mahakamani baba alikubali kosa, leseni ikachukuliwa, akapigwa faini, na pikapu ikauzwa kwa sababu hiyo. Mimi sikushtakiwa.

Kwa fundi baba alikwenda mwenyewe, mchana, wakati uwanja una watu. Nilimfuata kwa mbali. Alisema mbele ya wote kwamba breki zilikuwa nzima na uongo ulikuwa wake. Fundi alikuwa shimoni, chini ya gari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, jirani," akaendelea na kazi. Wateja wengine walirudi na wengine hawakurudi, maana uongo ulikuwa umefika mahali ambapo ungamo la baba halikufika. Mimi ilinichukua wiki mbili kwenda. Nilimwambia niliyoyasema pale kwenye maji. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Ulikuwa unamtetea mzazi," akasema. "Lakini uliniumiza kuliko yeye. Yeye hakuwa anaona."

Kisha akarudi shimoni.

Siku moja, nikimtia baba matone yake, nilimuuliza kile kilichokuwa kikinisumbua. Miaka yote hiyo, katika Nairobi hii ya mikokoteni na bodaboda na watu wanaotokea kila upande, hakugundua kitu hata kidogo?

Alikaa na kichwa nyuma, macho yamefumbwa, dawa ikimtiririka shavuni.

"Niligundua," akasema. "Niliona watu wamepungua barabarani. Nilifikiri labda wengi wamerudi mashambani."